Samaki tabuni ana cha kusoma tumboni (6): uzi wa kufumbua na kufumbuana

KalamuNyekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nilipokuwa sekondari, mama alikuwa anafungia vitumbua kwa magazeti ya zamani, na mimi nilikuwa nasoma kila karatasi hata kama imelowa mafuta. Ndiko nilikokutana na ile miraba myeusi na myeupe ya magazeti ya Kiingereza. Nikadhani ni chemsha bongo ya kawaida: "mji mkuu wa Zambia", herufi sita, unajaza LUSAKA, unageuza ukurasa. Kumbe kulikuwa na aina ya pili, ambayo dokezo linasoma kama sentensi ya mlevi na hakuna anayekuuliza chochote.

Waingereza wana moja maarufu sana: "Gegs (9,4)". Basi, hakuna zaidi. Jibu ni SCRAMBLED EGGS, mayai ya kuvurugwa, kwa sababu "gegs" ni "eggs" iliyovurugwa. Nilipoelewa nilicheka peke yangu kama nimechanjwa.

Sasa kwa miaka kadhaa nimekuwa najaribu kutunga za Kiswahili. Kichwa cha uzi huu ni mojawapo. Sita ni idadi ya herufi. Nani ameona? Msikimbilie gugo, humo haimo.

chura_wa_bondeni

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

Samaki anayesoma ni PAPA. Yuko Vatican.

MpwaWaBibi

Hahaha chura bana. Papa ni herufi nne.

Mimi nawaza Nabii Yunus. Lakini yeye ndiye aliyekuwa tumboni, sijui kama alikuwa na cha kusoma. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua, ila leo mjinga nimekuwa mimi.

KalamuNyekundu

Chura, usijidharau. Kuona kwamba "papa" ni wawili ndani ya neno moja ndiyo akili inayotakiwa hapa. Umekosa jibu tu.

Mhasibu_Mstaafu

KITABU.

Samaki sikumjali kabisa. Nimeandika "samakitabuni" bila nafasi nikakiona kimelala pale: sama-KITABU-ni.

chura_wa_bondeni

Mzee shikamoo 🙌 Nimeangalia hayo maneno dakika ishirini!

Mhasibu_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Miaka thelathini nimetafuta shilingi kumi iliyopotea kwenye vitabu vya watu. Kilichoandikwa na kilichomo ni vitu viwili.

Lakini mwanzisha uzi, nina swali. Zamani nilikuwa najaza za Kiingereza, na kanuni niliyoijua ni kwamba maana ya jibu hukaa mwanzoni au mwishoni mwa dokezo. Wewe "cha kusoma" umeiweka katikati, ukaizungushia "ana... tumboni".

KalamuNyekundu

Nimekamatwa mchana kweupe, mzee. Kweli kabisa. Nilipenda jinsi sentensi inavyosomeka nikajisahau. Lililo halali ni hili: "Tumboni mwa samaki tabuni kuna cha kusoma (6)". Kichwa cha uzi nakiacha hivyo hivyo kiwe ushahidi.

Ngoja nieleze kwa ajili ya wageni, maana kanuni hii ya mzee ndiyo mlango wenyewe.

Dokezo ni nguo yenye vitambaa viwili na mshono mmoja. Kitambaa kimoja ni maana, yaani kile ambacho ungekikuta kwenye kamusi. Hapa ni "cha kusoma". Kitambaa cha pili ni ufundi, yaani maelekezo ya kulijenga jibu herufi kwa herufi. Hapa "tumboni mwa" inakwambia chungulia ndani, na "samaki tabuni" ndipo pa kuchungulia. Kazi ya mtunzi ni kuuficha mshono ili sentensi ionekane nguo moja: unamwona samaki ana shida, unamhurumia, umekwisha. Kazi ya mfumbuzi ni kukataa kumwona samaki.

Na ndiyo maana jibu likipatikana hakuna ubishi. Kwenye vitendawili vyetu, "nyumba yangu haina mlango" jibu ni yai kwa sababu bibi kasema ni yai. Ukisema boga unaambiwa utoe mji, ingawa boga nalo halina mlango. Hapa unafika kwa njia mbili tofauti, ya maana na ya herufi, na zote zinakutana nyumba moja. Zisipokutana, hujafika.

Jingine hili hapa, nalo ni la kuficha: "Tamasha mbali limemeza pa kulima (6)".

MpwaWaBibi

tamaSHAMBAli. SHAMBA! Nimeipata ndani ya sekunde!

chura_wa_bondeni

Mpwa kafunguka macho, sasa hatulali.

KalamuNyekundu

Basi twende kwenye kuvuruga. Mtunzi anakupa neno na kitenzi chochote cha fujo: vuruga, koroga, changanya, pindua. Wewe unazipanga upya herufi. Kiswahili kina utajiri ambao sijui kwa nini hatujautumia. Tazama L, A, M, I: unapata LAMI, MALI, MILA, LIMA na IMLA. Matano kwa herufi nne!

Fumbueni:

"Mila zikivurugwa humwagwa barabarani (4)"
"Samaki wamechanganyika wakati wa mvua (6)"
"Sukari ikikorogwa hutokea mrembo (6)"

Mhasibu_Mstaafu

Ya kwanza LAMI. Ya pili MASIKA, safi sana, sijawahi kuona kwamba samaki na masika ni herufi zile zile. Ya tatu nawaachia vijana.

MpwaWaBibi

KISURA! Sukari, kisura. Hii naitumia leo leo kumwandikia mtu. "Koroga sukari uone jina lako."

Mwanamvita

Nimewasoma kimya kutoka huku Mombasa. Ni utamu kweli, lakini niruhusuni niwe mchachu kidogo.

Kiswahili hakikuumbwa kwa mchezo huu. Mwingereza ana neno moja ambalo leo ni nomino na kesho ni kitenzi, na halibadiliki sura, kwa hivyo analificha popote. Sisi ngeli zinatuumbua. Chukua "kaa". Ni mnyama wa pwani, ni la moto, ni kuketi. Lakini nikisema "kaa ametambaa" umeshajua ni mnyama. Nikisema "kaa limewaka" umeshajua ni la moto. Kiambishi kinapiga kelele kabla msomaji hajakosea. Mtafichaje mshono kwenye lugha ambayo kila neno limevaa sare?

KalamuNyekundu

Dada, umegusa penyewe. Hili lilinisumbua mwaka mzima, mpaka nikagundua kuna mlango wa nyuma: hu-.

Wakati wa mazoea hauna kiambishi cha nafsi wala ngeli. Mtu hula, mbuzi hula, kutu hula, sabuni hula mikono. Tazama: "Hula majani, hukuna nazi (5)".

Mwanamvita

Mbuzi! Yule wa zizini na huyu wa jikoni ninayemkalia kila siku. Kwa "hu-" kweli umenipita chenga, kwa kuwa ungesema "anakula majani, inakuna nazi" sare zingeonekana mbili.

Haya, nusu nimekubali.

KalamuNyekundu

Na amri pia haina sare: toa, piga, keti. Ndiyo maana "Simba bila kichwa? Toa wimbo (4)" inafanya kazi.

chura_wa_bondeni

IMBA! Kata S. Wana Yanga wenzangu, dokezo bora la mwaka hili hapa, mengine yote yafutwe.

Mnazi_Mkavu

Uzi umeshaingiliwa na mpira, mods wako wapi.

Mhasibu_Mstaafu

Vijana, kabla hamjatoka nje ya mada, niwape kidogo nilichokisoma kuhusu asili ya kitu hiki.

Jedwali la kwanza la maneno kuchapwa gazetini ni la Arthur Wynne, mtu wa Liverpool aliyehamia Marekani, katika New York World la tarehe 21 Desemba 1913. Lilikuwa na umbo la almasi na madokezo yake yalikuwa ya wazi tu. Uovu wa kufumba waliuongeza Waingereza. Katika gazeti la Observer mwaka 1926 alianza mtunzi aliyejiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya mateso ya kidini ya Hispania. Aliyemrithi mwaka 1939 akajiita Ximenes, mkuu mwingine wa mahakama hiyo hiyo. Unaona walivyojijua? Ximenes ndiye aliyeshikilia kwamba dokezo lazima liwe la haki: maana sahihi, ufundi sahihi, na kisiongezwe kitu cha tatu. Mtunzi mwingine, aliyejiita Afrit, alisema mwaka 1949 kwamba mtunzi halazimiki kumaanisha anachosema, lakini ni lazima aseme anachomaanisha. Hilo nimelibandika ukutani.

Wa tatu akaja mwaka 1972, akachukua jina la Deza, naye mkuu wa mahakama hiyo, akaligeuza nyuma mbele: Azed.

Mwanamvita

Mzee, hapo kwa Deza nimepata jambo. Hebu geuza nyuma mbele neno lolote la Kiswahili herufi kwa herufi. Siku: UKIS. Kitabu: UBATIK. Maneno yetu huishia irabu, kwa hivyo yakigeuzwa huanza kwa irabu, na mengi huishia konsonanti, halafu huna neno.

Lakini geuza kwa silabi. Siku: KU-SI. Kusi! Upepo wenyewe.

Na hili si geni kwetu. Utotoni tulikuwa tunasema kinyume mbele ya watu wazima, silabi ya mwisho inakuja mbele. Nataka kula: "kanata laku". Twende: "ndetwe". Mama akituita watoto wa majini. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alishachapisha mifano ya kinyume cha Unguja mwaka 1870, miaka zaidi ya arobaini kabla ya hiyo almasi ya New York.

Dokezo langu la kwanza, basi: "Siku ya kinyume huvuma (4)". Nimetumia hu- yako.

KalamuNyekundu

Dada, hilo ni bora kuliko yangu yote. Maneno manne na hakuna hata moja la ziada. Na "kinyume" ni ishara ambayo hatukuikopa kwa mtu.

chura_wa_bondeni

Swali la mjinga. Kama silabi ndiyo yetu, kwa nini tusijaze silabi moja kila kisanduku? Na hizi SH, NY, NG' zinakaa kisanduku kimoja au viwili?

KalamuNyekundu

Si la kijinga, nilishalijaribu na likaniangukia. Ukiweka silabi, SA-MA-KI ni visanduku vitatu. Neno moja likipita katikati yake umeshapewa theluthi ya jibu bure. Mchezo unakwisha kabla chai haijapoa. Kwa hiyo mimi naweka herufi moja kila kisanduku, na SH ni viwili.

Ila herufi nazo zina shida yake ambayo Mwingereza haijui. Maneno yetu ni konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Mtunzi asipoangalia, makutano yote yanaangukia kwenye irabu, na mfumbuzi anabaki na _A_A_A. Hapo umesaidiwa nini? Nusu ya kamusi ni _A_A_A. Siku hizi nachora kwanza, nahakikisha makutano mengi yanaangukia konsonanti, ndipo naanza kutafuta maneno. Hiyo peke yake hunimalizia jioni nzima.

MpwaWaBibi

Na za kusikia? Waingereza si wana zile za maneno yanayotamkwa sawa lakini yanaandikwa tofauti?

KalamuNyekundu

Sisi tunaandika tunavyotamka, kwa hiyo karibu hazipo. Labda umtumie mtu anayechanganya r na l, ambaye kwake kura na kula ni kitu kimoja.

Mnazi_Mkavu

Kwa wengine hata wasiochanganya ni kitu kimoja.

chura_wa_bondeni

😂😂😂 Mnazi karudi na jiwe.

KalamuNyekundu

Tuunganishe vipande sasa. "Mdudu wa malaria ni ndege asiyeruka (5)".

Mhasibu_Mstaafu

Hili nimelipenda mno. MBU, halafu lile "ni" ambalo hakuna anayelitazama, limekaa pale kama kiunganishi tu. MBU-NI. Mbuni.

KalamuNyekundu

Asante mzee. Nilikuwa nimelala ndani ya chandarua nikamsikia mmoja sikioni. Niliwasha taa kuandika dokezo, si kumtafuta yeye.

Na la kuingiza kitu ndani ya kitu: "Nusu kuku ndani ya upinde husimamisha paa (5)".

Mwanamvita

Upinde kwa Kiswahili cha kale ni uta. Nusu kuku ni KU, na hapo mjanja wewe, nusu ya mbele au ya nyuma ni ile ile. U-KU-TA. Ukuta.

MpwaWaBibi

Na mimi nimetunga! "Mabara mawili hukutana njiani (8)". BARA + BARA.

Mhasibu_Mstaafu

Wazo zuri sana, mwanangu, lakini herufi mbili hazikubaliani na mahesabu. "Njiani" ni barabara*ni*. Jibu lako ni barabara, basi maana iwe "njia". Jaribu "Mabara mawili hufanya njia".

MpwaWaBibi

Kwa hiyo "-ni" tu imeniangusha 😩

Mhasibu_Mstaafu

Shilingi kumi, mwanangu.

Baharia_Mstaarabu

Nimechelewa, ila mmesahau kisa kitamu kuliko vyote. Mei 1944, majeshi ya washirika yanajiandaa kuvuka kwenda Normandy kwa siri kubwa. Gazeti la Daily Telegraph likaanza kutoa majibu ya chemsha bongo: UTAH, OMAHA, OVERLORD, MULBERRY, NEPTUNE. Yote yalikuwa majina ya siri ya operesheni ile! Wapelelezi wakamfuata mtunzi, Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa shule. Hakuwa jasusi. Miaka arobaini baadaye mwanafunzi wake wa zamani alieleza kwamba wavulana ndio waliokuwa wanampa mwalimu maneno ya kujaza jedwali, na wao walikuwa wameyadaka kwa wanajeshi waliopiga kambi jirani.

chura_wa_bondeni

Yaani mwalimu kawapa watoto kazi yake, watoto wakamletea usalama wa taifa mlangoni.

KalamuNyekundu

Gazeti lile lile miaka miwili nyuma, mwanzoni mwa 1942, liliandaa shindano la kumaliza chemsha bongo ndani ya dakika 12, na baadhi ya waliofaulu walichukuliwa kwenda Bletchley Park kuvunja mawasiliano ya siri ya Wajerumani. Kwa hiyo mkiulizwa nyumbani mnapoteza muda gani hapa, jibu mnalo.

Sasa la mwisho kwa leo, halafu nikalale: "Harusi ikivurugika, wazee hulitatua (6)".

MpwaWaBibi

USHARI! H-A-R-U-S-I, U-S-H-A-R-I. Harusi ikivurugika si ugomvi huo? Wazee wanautatua. Naomba zawadi.

chura_wa_bondeni

Mimi nina SHAURI. Herufi zile zile. Wazee wanatatua shauri tangu enzi za mkoloni.

MpwaWaBibi

Ushari. Herufi zimetimia, maana imetimia, mshono umeonekana.

chura_wa_bondeni

Shauri. Zangu pia zimetimia, kwani zako zina nini cha ziada?

Mnazi_Mkavu

Basi lile la "likipatikana hakuna ubishi" limeishia hapa. Dokezo lina majibu mawili, ni bovu. Tulishaambiwa kitendawili na hiki ni tofauti, kumbe wote mnatoa mji.

Baharia_Mstaarabu

Kwenye jedwali herufi za makutano zingeamua. S mwanzoni au U mwanzoni.

Mhasibu_Mstaafu

Zingeamua, ndiyo, lakini dokezo zuri halisubiri kuokolewa na makutano. Mtunzi aseme mwenyewe.

Mwanamvita

Asiseme. Nitasema mimi, maana ndiye niliyezilalamikia ngeli.

Someni tena: hu-li-tatua. Wazee wanatatua *li*. Ushari ni wa U: wazee huutatua. Shauri ni la LI, mashauri YA: wazee hulitatua. Herufi mbili pale katikati ndizo hakimu, na zilikuwa zimekaa wazi tangu mwanzo.

MpwaWaBibi mwanangu, wewe hasa ulikuwa nalo mkononi. Ulituletea nini kule juu? Mwerevu huligangua. Huligangua nini? Fumbo.

MpwaWaBibi

Nimenyoosha mikono.

Mnazi_Mkavu

Haya, hapo nami nimekaa chini.

KalamuNyekundu

Dada, ukweli ni kwamba nilitunga kwanza "wazee hutatua", bila li. Nikaona ushari unaingia, nikakesha siku mbili nikitafuta maana nyingine. Kisha nikaweka silabi moja nikalala.

Kesho nitaweka jedwali zima, 11 kwa 11. Atakayemaliza wa kwanza nampa heshima, pesa sina.

chura_wa_bondeni

Kabla hujalala mkuu. Nimetunga langu nikiwa nimening'inia kwenye daladala, konda ananiangalia navyocheka peke yangu. Nimefuata kinyume cha dada Mwanamvita:

"Pacha wa kinyume? Piga! (5)"

Mhasibu_Mstaafu

Nimeliona. Sisemi.

MpwaWaBibi

Ngojeni. Ngojeni kwanza, msiseme.